Video ya Njiani na Simu ya Nyumbani: Ushauri kwa Wasafiri wa Garsen



Si mara moja wala mbili tumeulizwa, ima baada ya darasa ama barazani, swali ambalo miaka thelathini iliyopita lisingalitufikia: "Sheikh, tununue chombo gani cha kutazamia video safarini?" Muulizaji aghalabu ni mzazi ampelekaye mtoto kliniki Mombasa, au mwalimu aendaye na kurudi baina ya Garsen na Hola, au kijana afanyaye kazi Malindi ambaye kila mwisho wa wiki hurejea kwao Tarasaa. Zamani tulikuwa tukilijibu kwa mzaha, kwamba safari ni ya nyiradi na usingizi. Leo hatufanyi mzaha, na sababu yake ni siku moja ya Novemba 2023, ambayo hatuna budi kuisimulia kabla hatujafika kwenye chombo chenyewe.

SIKU YA MAJI

Watu wa Tana hawahitaji kukumbushwa mvua za mwisho wa mwaka ule. Mto ulitoka katika njia yake, mashamba yakazama, na barabara ya Lamu na Garsen ikakatwa na maji. Sisi tulikuwa tukitoka Lamu pamoja na mjukuu wetu wa miaka saba. Tulivuka asubuhi mapema hadi Mokowe, tukapanda basi, nalo likaingia katika msafara wa magari yasindikizwayo na polisi, kama ilivyozoeleka katika njia ile baada ya mashambulizi ya mwaka 2014. Mtoto alipoanza kulalamika tulimpa simu yetu, tukamfungulia katuni, nasi tukafumba macho.

Ubavuni mwetu alikuwa ameketi mama mmoja, mfanyabiashara wa maembe, aliyekuwa akirejea Garsen. Alitugeukia mara mbili. "Sheikh, tupunguzie sauti ya hizo katuni, kichwa chaniuma." Mara ya kwanza tulipunguza. Mtoto akaiongeza tena. Mara ya pili, na twakiri haya kwa haya, tulijifanya tumelala.

Tulipoukaribia upande wa Gamba basi lilisimama. Mbele yetu lami ilikuwa imefunikwa na maji, na magari yalikuwa yamepanga foleni. Tukaambiwa kwamba basi halitavuka, na kwamba mwenye haraka na ateremke, avushwe kwa mtumbwi, kisha ajitafutie gari ng'ambo. Tukatia mkono mfukoni kutoa simu. Simu ilikuwa imezima.

Ndani ya simu ile mlikuwamo nambari za watu wetu wote, nasi hatukuwa na hata moja kichwani ila ile ya nyumbani. Mlikuwamo pia fedha zetu za safari, kwani tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 tumeizoea hata tukaacha desturi ya kubeba noti. Na mama wa mtoto alikuwa akitungoja Garsen, hali amekwisha kusikia habari za maji.

Aliyetutoa katika dhiki ile ni yule yule mama wa maembe. Alitoa simu yake ndogo ya vibonye, ile iitwayo mulika mwizi, akatukabidhi. "Piga nyumbani, Sheikh. Hii yangu haijui katuni, ndiyo maana ingali hai." Kisha akamlipa mwenye mtumbwi nauli yake, na yetu, na ya mtoto. Tulifika Garsen baada ya Isha. Fedha zake tulimrejeshea kesho yake. Radhi yake tuliiomba hali tumeinamisha kichwa, naye akacheka tu, akatupa maembe mawili ya mtoto.

Kutokana na siku ile tulijifunza kanuni ambayo ndiyo mzizi wa makala haya: chombo cha burudani na chombo cha dharura visiwe kimoja. Simu iliyobeba fedha zako na nambari za watu wako isiwe ndiyo ya kumtulizia mtoto kwa masaa. Ukikubali hilo, ndipo swali la "tununue nini" lina maana.

IJUE SAFARI KABLA YA DUKA

Muuzaji atakusifia ukubwa wa kioo na wingi wa rangi. Wewe anza na njia yako. Kutoka Mombasa hadi Garsen ni zaidi ya kilomita 200. Anayeendelea Hola, Garissa au Lamu huongeza masaa mengine. Njiani jua ni kali, vumbi halikosi, na zipo sehemu ambako mtandao hupotea kabisa. Kuna vizuizi vya polisi, ambako abiria huteremshwa na kuonesha vitambulisho. Na msimu wa mvua safari ya masaa manne yaweza kugeuka ya siku nzima.

Basi chombo kinachotufaa ni kile kinachocheza bila mtandao, kinachostahimili joto na mtikiso, kinachodumu na chaji, na kinachoweza kufungwa na kutiwa mkobani kwa sekunde chache. Tuvitazame vitatu vilivyozoeleka.

MASHINE YA DVD YA KUBEBA

Hii ndiyo mkubwa wa ukoo. Kampuni ya Panasonic iliitoa ya kwanza mwaka 1998, ikiitwa DVD-L10, yenye kioo cha inchi 5.8. Za siku hizi aghalabu huwa baina ya inchi 7 na 10, na hufunguka mfano wa kitabu. Faida yake ni kwamba haina mambo mengi: mtu mzima asiyependa kugusagusa vioo hubonyeza kitufe kimoja, video ikaanza. Tena haina ujumbe wa kuingia wala matangazo ya kumshawishi mtoto.

Lakini ina dosari ambazo ni lazima mnunuzi azijue. Ndani yake mna diski inayozunguka na mwale wa leza unaoisoma. Gari likirukaruka, mwale huo hupoteza mahali na picha hukwama, na vumbi huzidisha tatizo. Ukiinunua, hakikisha ina tundu la flashi au la kadi, ili njiani usitegemee diski.

Dosari ya pili huwakuta hasa ndugu wanaorejea kutoka Hija au Ghuba. Watengenezaji wa DVD waliigawa dunia katika kanda sita kuu. Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, imo katika kanda ya 5, ilhali Saudia na nchi za Ghuba zimo katika kanda ya 2. Diski iliyonunuliwa Jeddah yaweza kukataliwa na mashine iliyonunuliwa Mombasa, na kinyume chake. Tazama nyuma ya boksi: penye alama ya tufe la dunia huandikwa nambari ya kanda. Iliyo bora ni mashine isomayo kanda zote.

Ya tatu ni umeme wa gari. Waya wa chaji wa mashine nyingi za aina hii umetengenezwa kwa volti 12, ambazo ni za gari dogo. Mabasi makubwa na malori hutumia volti 24. Ukichomeka waya wa volti 12 pekee kwenye umeme wa basi, waweza kuiunguza mashine ukingali Kilifi. Soma maandishi madogo kwenye chaja yenyewe. Ikiwa imeandikwa 12 hadi 24, salama.

TABLETI

Tableti, ambayo wengine huiita kishikwambi, ina kioo kipana, haina kitu kinachozunguka ndani yake, na watoto wawili huweza kuitazama pamoja bila kugombana. Kwa familia yenye watoto watatu au wanne ni chaguo zuri, na nyumbani itatumika kwa masomo pia.

Tahadhari zake ni mbili. Kwanza, kuna tableti za bei rahisi ambazo kioo chake hakionekani kabisa juani. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji mtoke nayo nje ya duka, uitazame mchana kweupe. Pili, ni kubwa, nayo hushawishi. Mwenye kuishika dirishani, basi liliposimama stendi, asishangae mkono ukipita ukaichukua.

SIMU KUUKUU

La tatu ndilo tulilolichagua sisi, na ndilo tunalowashauri wengi. Katika nyumba nyingi kuna simu iliyostaafu: kioo kina ufa pembeni, au mwenyewe amenunua mpya. Itoe laini, ifute yaliyomo, itie kadi ya memori, iweke video. Umepata chombo cha safari bila kutoa fedha nyingi. Ikiibiwa, hakuna fedha iliyokwenda nayo. Ikizima, hakuna aliyekukosa. Ikianguka, moyo hauanguki nayo.

Sharti ni betri. Betri ya simu ya zamani huwa imechoka, na iliyovimba ni hatari, haifai kutumiwa hata siku moja. Kifuniko kikiwa kimeinuka au kioo kimesukumwa nje, usiichaji, ipeleke kwa fundi. Ama betri iliyopungua nguvu tu, fundi anaweza kuibadilisha.

HESABU YA UMEME

Usiamini saa zilizoandikwa kwenye boksi la chombo chochote. Jaza chaji nyumbani, anza video kwa mwangaza ule ule utakaoutumia mchana, kisha tazama saa hadi kizime. Hiyo ndiyo kweli yako. Kupunguza mwangaza wa kioo na kufunga mtandao huongeza muda kuliko watu wanavyodhani.

Wengi hubeba pawabanki, na hapa kuna hesabu inayowakanganya. Pawabanki ya mAh 10,000 haijazi mara mbili kamili simu yenye betri ya mAh 5,000. Sehemu ya umeme hupotea katika kugeuzwa na kugeuka joto, na kinachofika aghalabu ni yapata theluthi mbili. Basi hesabu mara moja na kidogo. Wanaosafiri kwa ndege, kama mahujaji na wafanyao Umra, wajue kwamba kanuni za usafiri wa anga huruhusu pawabanki isiyozidi wati-saa 100 bila idhini maalumu, nayo ni takriban mAh 27,000. Hubebwa mkononi, haitiwi katika mzigo unaokwenda chini ya ndege.

Na joto. Betri za lithiamu huharibiwa na joto kuliko matumizi. Watengenezaji wengi wa simu husema chombo kitumike mahali pasipozidi nyuzi 35, na sisi wa Garsen twajua ni siku ngapi tunazipita. Usikiache chombo kikichaji juani juu ya kiti, wala usikifunike kwa leso kikiwa kwenye chaji.

KADI NA YALIYOMO

Usitegemee kutazama moja kwa moja mtandaoni. Pakua kabla ya safari, na ukishapakua, fungua kila video uhakikishe inacheza huku mtandao umefungwa, kwa maana programu nyingi huhifadhi video kwa sharti la kurudi mtandaoni kila baada ya muda.

Nafasi si tatizo kama watu wanavyodhani. Video ya ubora wa wastani, itumiayo kilobiti 1,000 kwa sekunde, huchukua takriban megabaiti 450 kwa saa moja. Kadi ya gigabaiti 32 basi hubeba yapata saa 70, na hiyo ni safari nyingi za Mombasa. Sauti pekee ni nyepesi zaidi: kisomo cha saa 30 kwa kilobiti 64 hakifiki gigabaiti moja. Lakini jihadhari na kadi za ulaghai zinazoandikwa ukubwa mkubwa kwa bei ya kutilika shaka. Ijaze kadi nzima nyumbani, kisha ujaribu kufungua faili za mwisho. Zikikataa, irudishe dukani kesho yake.

Mambo mawili ya kifundi yatawaepusha na hasira njiani. Kadi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama nafasi ipo tele. Na video zilizofungwa kwa mtindo wa H.265, uliotoka mwaka 2013, hukwamakwama katika vyombo vya zamani. Zile za H.264, mtindo wa mwaka 2003, huchezwa na karibu simu na tableti zote.

Ama yaliyomo, hapo ndipo mzazi anapochagua kweli. Wako vijana mijini wanaojaza kadi kwa shilingi chache, na mtu hupokea mia ya video asizozijua. Mbali na kwamba kazi za watu zina hakimiliki, hujui mtoto atabonyeza ipi. Kwa filamu, Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya huweka alama: GE ni ya watu wote, PG yahitaji uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18 kwa umri huo. Tazama alama, kisha tazama filamu yenyewe wewe kwanza. Video kumi ulizozipitia ni bora kuliko mia ulizopewa.

JIRANI NA MASIKIO

Wafasiri wengi wa Qur'ani, walipofika aya ya 36 ya Surat an-Nisaa, inayotaja wema kwa rafiki aliye ubavuni, wamemwingiza humo mwenza wa safari. Sisi tuliifundisha aya hiyo miaka mingi, kisha tukajifanya tumelala mbele ya mama wa maembe. Basi nasaha hii twaitoa tukiwa wa kwanza kuhitaji kuisikia: sauti ya chombo chako isimfikie jirani, hata ikiwa ni mawaidha, hata ikiwa ni kasida. Si kila aliye ubavuni ana afya, usingizi au moyo wa kusikiliza wakati ule.

Kwa hivyo chombo kiwe na tundu la visikizi vya masikioni, na kwa watoto wawili kuna waya mdogo wenye matundu mawili unaogawanya sauti. Lakini masikio nayo yana haki. Shirika la Afya Duniani linashauri sauti isizidi asilimia 60 ya upeo wa chombo, na kwa mtoto iwe chini kuliko ya mtu mzima. Kipimo chepesi: ukiwa ubavuni mwa mtoto ukasikia kinachochezwa masikioni mwake, sauti imezidi. Na msafara ukifika kizuizini, visikizi vitoke, chombo kifungwe. Maagizo yanayotolewa pale si ya kusikilizwa nusunusu.

MTOTO NA DIRISHA

Shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri kwamba mtoto asiyefika miaka 2 asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Mtoto mkubwa naye akitazama chini kwa muda mrefu gari likienda, hupata kichefuchefu, kwa kuwa macho yanamwambia ametulia na masikio ya ndani yanamwambia anakwenda. Kishikwe chombo usawa wa macho, na kila baada ya nusu saa kifungwe, atazame nje.

Na huko nje kuna ya kutazamwa. Delta ya Tana iliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mtoto wa Mombasa hulipa kuona ndege wa maji, mikoma na makundi ya ng'ombe wa Waorma. Wetu hupita navyo dirishani hali ameinamia katuni. Sisi tumeweka sharti: tukifika daraja la Idsowe chombo hufungwa, na mjukuu hutueleza mto umepanda au umeshuka. Sasa hutueleza kabla hatujamuuliza.

UAMUZI WETU

Kwa mzee apendaye vitufe, au nyumba yenye diski nyingi za darsa, mashine ya DVD yenye tundu la flashi. Kwa watoto kadhaa, tableti iliyojaribiwa juani. Kwa wengi waliobaki, simu kuukuu isiyo na laini, kadi ya gigabaiti 32, visikizi, na pawabanki ndogo. Vyovyote utakavyochagua, pawabanki hiyo ihesabiwe kuwa ni ya simu ya fedha kwanza, na ya video baadaye.

Nasi tumeongeza vitu viwili visivyouzwa katika maduka ya video. Cha kwanza ni kikaratasi chenye nambari nne za simu, kilichoandikwa kwa kalamu na kutiwa katika mkoba wa mtoto, pamoja na noti za nauli. Cha pili ni mulika mwizi, iliyochajiwa usiku wa kuamkia safari, ikawekwa mfuko wa ndani wa koti. Mjukuu wetu aliuliza kama ina katuni. Tulimwambia haina, na tukamkumbusha mama wa maembe.

Allah awafikishe salama kila mwendako. Wassalaamu alaykum.